Kesi Saba za Dada Neema

Juzi nilimkuta mwanangu akiandika programu ya kompyuta, na neno moja kwenye kioo likanirudisha nyumbani Kihesa, alasiri ile dada Neema alipokuwa akijisomea mtihani wa chuo.

Nyumba ilinukia maharage na moshi wa kuni. Dada alikuwa chumbani na kompyuta yake, akijisemea polepole, "Kesi ya kwanza, Jumatatu. Kesi ya pili, Jumanne." Alipofika kesi ya saba, Jumapili, nilikuwa nimeshaelewa kwamba dada yangu ameshtakiwa, na kwamba atapelekwa mahakamani kila siku ya wiki.

Sebuleni wanajumuiya walikuwa wamekuja kusali. Mama alipouliza nani ana ombi, nikasimama.

"Tumwombee dada Neema, ana kesi saba," nikasema, kisha nikaangua kilio.

Mama akaita, "We Neema! Umefanya nini?"

Dada alitoka mbio. Alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta, akaeleza kwamba kesi zile ni neno la Kiingereza "case" kwenye programu, yaani njia ambazo kompyuta huchagua: ukiandika moja inakupa Jumatatu, ukiandika mbili, Jumanne. Leo nayajua hayo vizuri. Siku ile sikuambulia kitu.

"Kwa hiyo hawakufungi?" nikamuuliza.

Kicheko kikamwisha. "Hawanifungi, mdogo wangu."

Akakaa mkekani katikati ya wageni, akanipakata, na mtihani wake ukasubiri mpaka sala ilipokwisha.