Reli Yangu na Mbuzi wa Mama Kabula

Mimi, mwalimu mzima mwenye mvi, nina reli ya kuchezea uani kwangu hapa Bariadi, pamoja na stesheni yake na vichaka vya mimea halisi. Kila jioni nikirudi nakuta mabehewa yamepinduliwa. Nikawashuku mbuzi wa jirani, Mama Kabula. Nikavipaka vichaka mavi ya ng'ombe, kama tunavyopaka mazao shambani ili mbuzi wasile. Uharibifu ukazidi. Nikavaa tai, nikamwita balozi wa nyumba kumi aje uani amkanye Mama Kabula mbele yangu.

Nikiwa katikati ya mashtaka, kuku wangu akaja na vifaranga wake, akachakura yale mavi kutafuta wadudu, akaiangusha treni nzima.

Mama Kabula akauliza taratibu, "Mwalimu, na huyu mbuzi ni wangu?"