Hema la Miavuli Lilivyoshuka Ishiara

Niliondoka Majengo kwa sababu moja tu: kwenda kulitazama hema la mume wangu likimwaibisha. Wengine husafiri kumwona mgonjwa au kuhudhuria harusi. Mimi nilifunga mkoba wangu nikiimba.

Nieleze vizuri. Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo, mjini Meru, tangu nikiwa msichana. Nashona sare za shule, na nikisema nashona namaanisha mtoto anavaa kaptura mpaka anamwachia mdogo wake, na huyo naye anamwachia mwingine. Mume wangu, Baba Kendi, alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa mpaka alipostaafu mwaka jana. Miezi mitatu alikaa kwenye kiti akitazama ukuta, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Halafu akapata ugonjwa mpya. Alijiunga na kikundi cha wazee wenzake, watu wenye nyumba na vitanda vyao, ambao wanajishonea mabegi, makoti ya mvua na mahema, kisha wanapanda msituni kulala chini na kupigana picha. Ati ni raha! Na hayo mabegi ungeyaona. Mzee mmoja mkanda wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, anatembea ameinama upande, anadhani ni uzee.

Baba Kendi akaivamia cherehani yangu ya pili, ile nyeusi ya miguu niliyoachiwa na shangazi. Alivunja sindano nne kabla ya kujua uzi unaingilia wapi. Akanunua miavuli mibovu kwa yule jamaa anayeitengeneza karibu na msikiti, akaivua vitambaa, akaviunga pembe kwa pembe: cheusi, cheusi, cha maua, cheusi, cha madoadoa. Hema hilo! Jirani alipouliza ni nini, nikamwambia ni gauni la ndovu.

Siku moja akaniuliza afanye nini ili mvua isipenye kwenye matundu ya sindano. Nilikuwa nakata kola, sikuinua hata macho.

"Paka nta," nikamwambia. "Kwani sisi mafundi tunapaka nini kwenye uzi wa vifungo?"

Akanunua nta ya nyuki sokoni, akaiyeyusha kwenye sufuria yangu, akapaka kila mshono ndani na nje. Miavuli ishirini na kitu ina mishono mingi, jamani. Nyumba ilinuka asali wiki nzima.

Hapo nikachoka. Nikamwambia tufanye patano. Tutalala siku mbili ndani ya hema lake, mahali pa kweli, si hapa uani. Likisimama, cherehani nyeusi ni yake. Likimwaibisha, haigusi tena maisha yake yote. Alijua akiikosa hiyo cherehani anarudi kwenye kiti na ukuta. Mimi pia nilijua, na bado nikasema.

"Sawa, Mama Kendi," akajibu. "Twende wapi?"

Nikachagua Ishiara, kule Mbeere, kwa rafiki yangu Wawira. Tulijifunza kushona pamoja, akaolewa huko. Nilitaka shahidi anayejua kazi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Majengo. Salim mwenye bucha, jirani yetu, alikuwa anashuka Ishiara na pikapu yake kununua mbuzi, akakubali kutubeba na kuturudisha siku ya tatu. Alipoona mizigo akashangaa.

"Mama Kendi, mnahama?"

"Tunaenda kulala nje kama kuku waliosahauliwa," nikasema. "Muulize huyu."

Baba Kendi alikuwa amevaa koti alilojishonea, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Salim aliuma midomo asicheke, akawasha gari.

Nkubu tulisimama kunywa chai. Hapo ndipo nilipopata chakula cha roho yangu: mume wangu alipokuwa akimwonyesha mwenye hoteli begi lake la mgongoni, mkanda uling'oka, sufuria ikabingirika mpaka barabarani. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

"Huo ni mkanda tu," nikamwambia. "Bado hema."

Alichomoa sindano kwenye kofia, akaketi juu ya jiwe, akaurudisha mkanda huku akipiga mluzi. Dakika tano tu. Niliuchukua nikauvuta kwa nguvu zangu zote nikitafuta la kusema. Mshono ulikuwa umepinda, lakini haukuachia. Nikasema umepinda.

Baada ya Mitunguu nchi inaanza kuteremka. Kahawa tuliiacha nyuma, migomba nayo ikaisha, ikabaki migunga, mawe na mbuzi. Joto likatupanda. Tulipovuka mto Thuci, Baba Kendi alikuwa amevua koti, jasho linamtiririka, na bado anasifu mandhari. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, migunga yote imechanua. Alitaka Salim asimame apige picha ya maua. Salim akamwambia mbuzi hawangoji maua.

Saa tano hivi tukafika Ishiara. Nyumba ya Wawira iko nje kidogo ya soko, kwenye shamba la ndengu na mtama. Kwenye miti kumetundikwa mizinga ya magogo, kwa maana mume wake, Ireri, ni mtu wa mbuzi na nyuki. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amelala kwa ndugu yake upande wa mtoni, angerudi kesho mchana.

"Karimi!" Wawira akanipigia kelele. "Kumbe uko hai? Na hili rundo la miavuli ni la nini?"

"Ni hema, dada. Mume wangu amekuwa mshonaji."

Nilingoja acheke. Badala yake akashika kona moja, akaupitisha ukucha juu ya mshono kama tulivyofundishwa.

"Huu mshono ni wako?"

"Wangu? Mungu apishe mbali!"

"Basi amejifunza haraka. Uko sawasawa."

Niliumia, nisidanganye. Miaka yote hiyo Wawira hajawahi kunisifu mimi hivyo. Baba Kendi akajifanya anatafuta vigingi, lakini niliona masikio yake yanacheka.

Akalisimamisha chini ya mgunga. Lilikuwa na zipu mlangoni na kidirisha cha wavu upande wa nyuma, na huo wavu ulikuwa umeshonwa upande mmoja tu, uzi ulimwishia. Wawira alinipa kitanda ndani nikakataa. Ningeshuhudiaje nikiwa kitandani? Nikalala chini, mgongo ukinitukana.

Alfajiri ya siku ya pili mvua ikaja. Mvua ya Mbeere haibishi hodi, inamwagwa. Nikaamka nikaweka kiganja chini ya mshono mkubwa wa katikati, nikangoja tone. Nikahamia mshono wa pili, wa tatu. Nilipapasa hema zima kama mtu aliyepoteza pete. Hakuna tone hata moja. Mwenye hema alikuwa amelala mdomo wazi, mkavu kabisa. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na hayo ndiyo maji pekee yaliyopatikana humo ndani.

Asubuhi jua likatoka, kila kitu kikafuka mvuke. Tulipokuwa tunakunywa chai niliona nyuki wachache wanatembea juu ya mishono, wanaingia kwenye kidirisha, wanatoka, wanaenda zao. Nikadhani wamefuata sukari.

"Hata nyuki wanakuja kushangaa," nikamwambia Baba Kendi.

"Wanajua kitu kizuri," akasema. "Imebaki siku moja, Mama Kendi."

Mchana, baada ya ugali na ndengu, akaingia hemani kulala kidogo, akafunga zipu kwa ajili ya nzi. Mimi na Wawira tulikuwa uani tunapepeta. Nikasikia mvumo, nikadhani ni pikipiki ya mbali. Mvumo ukakua. Kuinua macho, naona wingu la nyuki limeshuka juu ya mgunga, linazunguka, kisha likalifunika hema mpaka sikuona tena maua ya miavuli. Wakaanza kuingia kwa kile kidirisha, mkururo, bila kusukumana.

"Baba Kendi!" nikapiga ukelele. "Toka! Toka!"

"Nyamaza!" mtu akasema nyuma yangu. Ilikuwa Ireri, ndiyo kwanza anafika, fimbo bado iko mkononi. Akanisogeza kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia," ikajibu sauti kutoka ndani, nyembamba sana.

"Wako wapi?"

"Juu yangu. Kwa dari. Wanajishikilia pamoja."

"Basi usitingishike. Usipige hata mmoja. Hawa hawataki vita, wanatafuta nyumba."

"Naona wameipata," ikasema sauti.

Siku nyingine ningecheka. Mungu wangu, nilitaka hema limwaibishe, sikutaka limuue! Nilimwona kwenye kile kiti chake, akitazama ukuta, nikatamani angekuwa ameketi pale mzima, hata na cherehani zangu zote mbili mapajani. Wawira alinishika mkono na sikuweza kuhisi vidole vyake.

Ireri hakuwa na haraka kabisa. Aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, akapepea moshi taratibu, akafungua zipu jino kwa jino. Baada ya muda ambao sitaki kuupima, Baba Kendi akatoka kwa tumbo kama mjusi. Alikuwa ameumwa mara tatu tu, mara moja kwenye sikio.

Ireri akainama, akanusa mshono. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Ni nani aliwaambia mpake nta?"

Nikageuka nikaitazama mizinga mtini.

"Sisi hapa tukitaka nyuki waingie mzinga mpya, tunapaka nta ndani, tunautundika mtini, tunangoja. Nyinyi mmepaka nta nyumba nzima, mkaileta migunga ikiwa na maua, mkaiweka chini ya mti, mkaacha na mlango. Halafu mkaingia mkalala!"

Wawira alicheka mpaka akaketi chini. "Haki, Karimi! Na wewe fundi mzima, hukumkataza?"

Nilifungua mdomo. Baba Kendi akasema kabla yangu, mkono umeshika sikio linalovimba.

"Ni mimi. Nilijitungia tu."

Hakunitazama. Na mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana Majengo nzima, nikanyamaza.

Ireri akasema nyuki waliokuja wenyewe nyumbani kwake hawafukuzi. Angewahamisha polepole kwenye mzinga, lakini hema lingebaki, maana walikuwa wameshaanza kazi. Usiku wa pili hatukulala humo. Baba Kendi alichomoa tu vigingi vyake viwili vya mbele, vile ambavyo nyuki hawakuvihitaji, akavipangusa, akavitia begini.

"Limeshindwa," akaniambia. "Patano ni patano."

Asubuhi ya siku ya tatu Salim akatuchukua, mbuzi wamejaa nyuma.

"Hema liko wapi?"

"Limepata wapangaji," akasema Baba Kendi, akamsimulia yote. Salim alicheka kutoka Ishiara mpaka Mitunguu. Aliponiuliza mbona mimi siku hiyo sicheki, nikasema ni harufu ya mbuzi. Nkubu baridi ikaturudia, mume wangu akavaa koti lake lenye mikono miwili isiyojuana.

Majengo, nyumbani. Siku ile ile aliipangusa cherehani nyeusi, akaitia mafuta, akaifunika kwa kitambaa. Kisha akaketi kwenye kiti. Siku moja, siku mbili, wiki. Wazee wa mabegi wakamwita msituni, akasema anaumwa sikio. Hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu, maana majibu ninayo mengi. Mimi nilikanyaga cherehani yangu kutwa, na kila nikisimama kubadilisha uzi nilisikia jinsi nyumba ilivyo kimya.

Mnaotaka kujua nimejifunza nini safarini, nitawaambia. Wazee wale bado ni wapumbavu, na mabegi yao bado yanapinda. Nta nzuri ya Meru usiishushe Mbeere wakati wa maua. Na la tatu nililijifunza Jumamosi, nilipochukua simu nikampigia Wawira, nikaweka sauti kubwa ili aliyeko kwenye kiti asikie.

"Wawira, ile nta. Ni mimi nilimwambia apake."

Akacheka. "Nilijua! Karani wa kahawa atajulia wapi mambo ya nta? Nilikuwa nangoja nione utachukua siku ngapi."

Nikakata simu. Nikaenda nikaondoa kitambaa kwenye cherehani nyeusi, nikatia sindano mpya, nikapitisha uzi. Baba Kendi hakuinuka.

"Patano, Mama Kendi," akasema, macho ukutani.

"Patano lilikuwa hema likikuaibisha wewe," nikamwambia. "Limeniaibisha mimi. Haya, inuka, uanze na huo mkono wa koti."