Chai ya Baba Mkwe

Serikali ilipofungua biashara, mitumba ilijaa sokoni Tukuyu, na pembeni yake vikaja vijitabu vya mapenzi: kurasa chache, karatasi mbaya, na msichana anayecheka kwenye jalada. Walimu wetu walisema vinaharibu akili. Mimi nilivisoma vyote na sioni cha kuombea radhi. Ndani yake mvua haikunyesha wala hakuna mtu aliyechuma chai.

Mama hakujua kusoma. Alimenya ndizi jikoni huku nikimsomea, na Kiswahili cha Dar kilipomshinda nilimgeuzia kwa Kinyakyusa. Mabusu niliyaruka kwa aibu. Alijua, lakini hakuuliza.

Siku moja nikafika pale mke aliyeolewa karibuni anapomwandalia baba mkwe wake chai. Wanakaa meza moja, wanataniana. Mama akaacha kumenya.

"Hapo umesoma vibaya," alisema.

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

"Anamtazama usoni?"

"Anamtazama."

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Nilirudia mara tatu. Kwetu, kwa mila za wakati wa kina mama, mke alikuwa haonani na baba mkwe. Akimsikia anakuja njiani, alijificha migombani mpaka apite.

Babu, baba yake baba, aliishi hapohapo mtaani Bulyaga, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mpaka babu anazikwa, mama hakuwahi kuiona sura yake. Alimjua kwa kukohoa kwake.