Mabega na Mjane Aliyekataa Kuinuka

Kankindi hakukosa neno kwa mtu yeyote, na kwa Adélaïde alikuwa na maneno gunia zima. Adélaïde alihamia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka kambi ya Oruchinga wakati wa mavuno, akaja kupukuchua mahindi na wenzake akiwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi. Jamani, pasi! Kwa ajili ya mahindi!

Hilo angemsamehe. Ambalo hakuweza kumsamehe ni mdomo wake.

Tangu walipokimbia kutoka Kivu Kusini, Kongo, msimulizi wa uani kwa Vestine alikuwa Kankindi, hakuna mwingine. Baada ya chakula cha mchana wanawake walikaa kuzunguka rundo la mahindi, mikono ikipukuchua, masikio yakiwa kwake. Alikuwa akiuliza, "Nilete?" Aliyewazidi wote umri ndiye aliyejibu kwanza, "Lete!" kisha wengine wakafuata, "Tuko!" Bila jibu hilo hadithi haianzi, hata ungekuwa na ulimi wa asali. Na hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mabega, mchunga ng'ombe aliyembeba fahali wake mabegani akavuka naye mto uliofurika.

Irakiza, binti wa Vestine, aliisikia ya Mabega tangu akiwa mgongoni. Alilala nayo, akaota nayo meno. Sasa alikuwa anaolewa Mbarara, na kwa wanawake hawa kulikuwa na desturi: siku moja kabla ya harusi, bibi harusi huketishwa na shangazi zake akapewa hadithi moja. Hiyo ndiyo anayoingia nayo kwenye nyumba yake, na atawasimulia watoto wake jina la aliyempa. Kankindi hakuwa na binti. Alikuwa ameshachagua hata gauni la siku hiyo.

Ndipo Vestine akamwambia, macho yakiwa kwenye mahindi, "Dada, si vibaya tusikie na za Adélaïde. Irakiza mwenyewe anazipenda."

"Anazipenda?"

"Njo vile alisema."

Kankindi alihisi kama amemeza gunzi zima.

Vestine hakupenda ugomvi uani kwake, kwa hiyo akaweka mashindano. Kila mmoja amlete mtu wake, wanawake waamue nani ana nguvu kuliko watu wote wa hadithi. "Lakini awe mutu," akasema. "Hapana jini, hapana simba na nyama zingine za pori, hapana dawa. Mutu tu. Mwenye kushinda njo atakaa na mutoto wangu Mbarara, amupe hadithi." Kura ilikuwa gunzi: unamtupia miguuni unayemkubali.

Adélaïde akaanza. Mtu wake hakuwa hata shujaa. Alikuwa mjane, jina lake Nabintu, ameketi jikoni kwake. Mfalme alitaka kiwanja chake. Akatuma askari wamwondoe. Wa kwanza alipoinua mkuki, Nabintu akamwuliza, "Mama yako, mguu ulipona?" Askari akashusha mkuki, akasema ulipona, akarudi alikotoka. Akaja wa pili. "Mama yako bado anauza chumvi?" Naye mkuki chini. Jeshi zima likaja na jeshi zima likarudi, kwa sababu Nabintu alimjua mama wa kila mmoja. Mwishowe akaja mfalme mwenyewe. Hapo Adélaïde akafunga mdomo.

"Na kisha?" akapiga kelele Nathalie, ambaye mdomo wake ulikuwa wa pili kwa ukali uani pale.

"Ile naiweka akiba," alisema Adélaïde akitabasamu. Hata tabasamu lake lilikuwa limepigwa pasi.

Zamu ya Kankindi. Alianza na fahali, kama siku zote, lakini aliona nyuso bado ziko jikoni kwa yule mjane. Akamwongezea Mabega mzigo. Akambebesha kundi zima la ng'ombe. Akambebesha kilima chenye majani yake. Mabega akapuliza wingu la mvua kutoka Oruchinga likaanguka kijijini Kabingo.

"Eh!" Nathalie akacheka. "Kabingo walikuwa na kiu!"

Walicheka wote, na Kankindi hakujua kama ni kicheko cha kumpa au cha kumnyang'anya.

"Mukubwa," Adélaïde akasema kwa adabu, ile adabu inayowasha kama upupu, "huyo Mabega ana nguvu kweli. Lakini akifika kwa Nabintu, si ataulizwa habari ya mama yake? Na yeye atashusha kilima chake."

"Hataulizwa!"

"Sababu gani?"

"Sababu hana mama!" Kankindi alikuwa ameshasimama, punje zikimwagika kutoka mapajani. "Mabega hakuzaliwa na mwanamke yeyote! Alitoka ndani ya jiwe! Amwulize nani sasa, huyo mjane wako?"

Nathalie akapiga makofi mara moja.

"Basi haiko mutu! Mutu gani anatoka mu jiwe? Ile njo katapila!"

Kankindi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakikutoka kitu. Mtu wake wa miaka yote, aliyembeba fahali kwa mabega ya kawaida na jasho la kawaida, amemuua mwenyewe kwa mdomo wake, ili tu asimpe yule mjane wa Adélaïde nafasi ya kuuliza swali moja. Magunzi yakaanza kuruka. Yalipita mbele yake kama hakuwepo, yakaangukia miguuni kwa Adélaïde.

Alikwenda Mbarara hata hivyo. Angebaki, watu wangesema kitu, na cha kusema juu ya Kankindi alipenda kiwe chake. Alasiri ya kuamkia harusi walijaa katika chumba alichoketishwa Irakiza, mikono yake ina hina mbichi. Adélaïde aliketishwa kando yake kwenye mkeka, mahali penye joto la bega la msichana. Kankindi alipatazama pale kama mtu anayetazama nyumba yake ikikaliwa na wapangaji.

"Nilete?" Adélaïde akauliza.

Mwenye umri mkubwa mle ndani alikuwa Kankindi. Angefunga meno tu, hadithi ingekufa pale pale, na desturi ingekuwa upande wake. Utamu wa jambo hilo aliuonja kabisa ulimini. Vestine alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake.

"Shangazi," Irakiza akamwita kwa sauti ndogo.

"Lete," akasema Kankindi, kama mtu anayetema kijiwe cha kwenye maharage.

"Tuko!"

Askari wakaja, wakarudi. Kankindi alimhesabia makosa: hapa ameharakisha, hapa amesahau yule wa chumvi. Kisha mfalme akafika jikoni. Akasimama mbele ya Nabintu na mkuki wake, akasubiri. Nabintu akaendelea kuchambua mboga. Mfalme akakohoa. Askari wake wote, hadi mchunga punda wao, wameulizwa habari za mama zao. Yeye, mwenye nchi, hajaulizwa lolote. Wivu ukamshika. Akakaa chini kwenye majivu, na bado Nabintu hakuinua macho.

Adélaïde akanyoosha mkono, akachukua soda yake, akanywa taratibu.

"Halafu?"

Vichwa vyote vikageuka, maana sauti ilikuwa ya Kankindi. Nathalie akaziba mdomo kwa kitenge. Kankindi alisikia uso wake ukiwaka moto, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mbaya zaidi, lilikuwa la kweli.

"Mukubwa, wewe unaonaje?" Adélaïde akamwuliza. "Alimwuliza ao hakumwuliza?"

"Mimi niulizwe kwa nini? Hadithi ni yako leo," alisema Kankindi, akisogeza mkeka wake karibu. "Weka hiyo soda chini, haitakimbia. Sema."