Tumechoka Si Usingizi

Mume wangu ni fundi pampu. Miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye meli inayofyonza mchanga wa chini ya bahari na kuuchuja ili kupata almasi, na miaka yote hiyo wazungu wa meli walimwita "boi". Mtu ana mvi, ana na mkwe. Wao walikula juu, mezani. Yeye na weusi wenzake walikula chini wamesimama karibu na injini, kwa kuwa viti havikutosha na hakuna aliyeona haja ya kuongeza.

Ndipo akapanda mama mmoja wa filamu na kamera yake, akakaa wiki tatu, akiuliza kila mtu hali ya kazi. Mume wangu si msemaji; hata mimi alinitongoza kwa kumtuma dada yake. Alifuta grisi mikononi, akaitazama kamera, akasema neno moja: "Tumechoka."

Filamu ilipotoka, chini ya uso wake wakatafsiri kwamba wafanyakazi wanahitaji usingizi. Usingizi, jamani. Mimi nikimwambia nimechoka na yeye, hatafuti shuka, anatafuta mlango. Kampuni ikafurahi kweli, ikapeleka magodoro mapya, ikapiga na picha.

Mume wangu akaandika gazetini: tumechoka kuitwa boi, tumechoka kula tumesimama. Siku ya tatu akaitwa ofisini. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo, nami nikamfuata. Sifichi, njiani nilimsihi akubali yaishe. Binti yetu wa mwisho bado yuko chuoni, na nyumba nzima inategemea kazi hiyo moja.

Ofisa wa ajira, mtu mweusi kama sisi, alitusogezea karatasi mbili: mkataba mpya, na tamko kwamba mume wangu alimaanisha usingizi tu. Bila saini kwenye tamko, hakuna mkataba. Mume wangu alilisoma polepole, akalirudisha.

"Siandiki uongo," akasema.

Ofisa akanigeukia huku anatabasamu. "Shemeji, nisaidie. Huyu boi wetu ana kichwa kigumu."

Damu ilinichemka. Mzungu naweza kusema hajui. Huyu kalelewa na wajomba na mashangazi, anajua fika mtu mzima anaitwaje.

"Baba yako yu hai?" nikamuuliza.

"Yupo."

"Mwite boi leo jioni, kisha uje unisimulie."

Akaanza kupangapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Mimi nikavuta lile tamko, nikachukua kalamu yake, nikalikata neno "usingizi" kwa mstari mnene. Juu yake nikaandika TUMEWACHOKA, nikamsukumia mume wangu karatasi.

Akalisoma neno hilo mara mbili. Akatia saini, tukatoka bila kazi.