Riwaya Iliyoshonwa kwa Uzi wa Jinzi

Ukienda kupimwa gauni kwa yule fundi cherehani wa nyuma ya kituo cha mafuta, jiandae kupimwa na kitabu pia. Atakuzungushia utepe kiunoni, atakubana pini kuanzia kwapani mpaka nyongani, na akishaona huwezi tena kukimbia ndipo ataanza: "Juzi nimemaliza kitabu, we! Hicho lazima ukisome." Wateja huitikia kila kitu. Nani atabishana na mtu mwenye pini mdomoni?

Alijiona ana kipaji. Eti akimtazama mtu mara moja anajua kiuno chake na kitabu chake. Viuno, kweli, alivipatia. Bibi harusi mmoja aliyeazimwa riwaya ya mapenzi alikuja kukutwa ameisukumia chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Mume wa fundi mwenyewe, fundi wa majokofu, alikuwa na kitabu cha mkewe kando ya kitanda tangu wangali wachumba, na bado yuko ukurasa wa pili. "Kinanisaidia sana," humwambia. "Nikikishika tu, usingizi huo." Fundi alicheka pamoja na waliomcheka. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba kama angeishi kwa kushauri watu vitabu badala ya kushona, wangekwishamzika kwa njaa.

Waliomsikiliza walikuwa wawili tu: msusi waliyepanga naye chumba kimoja cha kazi, na muuza vitambaa wa mlango wa pili. Hao nao hawakuwa na subira. Kitabu kikisifiwa asubuhi, wanakitaka mchana. Basi fundi akaleta ufundi wake. Kitabu kinene alikipasua kwa wembe mgongoni, kikawa mapande matatu. Akimaliza la kwanza anampasia msusi, yeye anaingia la pili, na muuza vitambaa anafuata nyuma akiwahimiza kwa kelele. Wakishamaliza wote, mapande yanarudi chini ya cherehani: sindano nene, uzi wa jinzi, na jalada la kitambaa cha pazia. Rafu yake ilijaa vitabu vyenye maua ya pazia za watu.

Kisha wifi yake akafiwa na mume, akaja kukaa nao.

Wifi huyo, dada mkubwa wa fundi wa majokofu, alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na zamani alikuwa na mdomo wa kutosha ukoo mzima. Sasa alinyamaza kama maji mtungini. Salamu aliitikia, chakula alikigusa, kisha alirudi kwenye kiti cha dirishani na mikono mapajani. "Dada yangu ananiponyoka hivihivi, namwona," fundi wa majokofu alimwambia mkewe jikoni. Fundi naye aliingiwa na hofu, lakini dawa aliyoijua duniani ilikuwa moja tu.

Alimpelekea kitabu cha vichekesho. Wifi akasema ahsante, akakiweka dirishani. Akampelekea kitabu cha kutunza maua, katika nyumba isiyokuwa na hata kopo la maua. Ahsante. Mwishowe akampelekea riwaya nene iliyotoka kushonwa, habari za seremala na mkewe, kitabu alichokipenda kuliko vyote mwaka ule. "Hiki utakipenda, wifi. Kina raha!" Safari hii wifi alikifungua. Fundi alirudi kwenye cherehani kichwa kimemvimba, akashona pindo zima huku akijisifu, ndipo akakumbuka kwamba mwishoni yule seremala anakufa.

Alitamani ardhi ipasuke. Mjane wa juzi, na yeye anampelekea maiti ndani ya pazia! Siku zilizofuata alimwona wifi akifunua kurasa taratibu, na kila ukurasa ulimchoma fundi kuliko sindano. Jumamosi mchana, wifi alipoingia kuoga, fundi alijipenyeza chumbani kwake akiwa na wembe, nia yake kunyofoa kifo kile na kusingizia panya.

Akakifunua kitabu. Namba za kurasa zilikwenda vizuri, zikaruka mbele, kisha zikarudi nyuma. Alikuwa ameshona pande la mwisho katikati. Akakumbuka ile siku ya kushona: alikuwa anamsimulia mteja kitabu kingine.

"Unatafuta nini?" Wifi alikuwa mlangoni, taulo begani.

"Wifi, nisamehe. Nimekishona ovyo. Humu mtu anakufa, halafu kurasa za mbele yuko mezani anagombana na mkewe! Nipe kidogo, nikifumue, nikipange..."

"Usikifumue."

"Lakini wifi..."

"Nimepanga barua maisha yangu yote, nitashindwa kuona namba za kurasa?" Wifi alimnyang'anya kitabu, akakikumbatia kifuani. "Ndivyo ilivyo, wifi. Anakufa, mnamzika, watu wanatawanyika. Asubuhi unaamka, yuko mezani analalamika chai imepoa. Kila siku. Nilidhani naanza kurukwa na akili. Mwisho wa hiki cha kwako, yuko juu ya ngazi anaezeka, anamwita mkewe ampe misumari. Kiache hivyohivyo."

Machozi yalimtoka fundi bila hodi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, wembe bado mkononi. Kitabu kingine kilichofaa kabisa kwa jambo hilo kilimjia ulimini, jalada lake na yote, akakimeza kwa shida.

"Shemeji naye," akauliza, "alikuwa analalamikia nini asubuhi?"

Wifi alikaa kando yake. "Miwani. Anaitafuta nyumba nzima, na iko usoni." Akacheka, akalia, akaendelea. Alieleza habari za miwani, na za viatu, na za redio aliyokuwa akiigombeza kana kwamba inamsikia.

Fundi wa majokofu aliporudi kutoka kazini alisikia sauti ya dada yake tangu barazani. Alisimama mlangoni na sanduku la vifaa mkononi, akiogopa kuliweka chini lisije likalia.