Birika Lisilo na Samaki

Nyumba yetu ya Mkomani ina birika la mawe chooni, na ndani yake mna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Nililikuta hivyo kwa mama yangu. Maji yasiyo na samaki sisi hatuyaamini.

Mjukuu wangu, niliyemlea mimi tangu mamake afariki, alinijia baada ya alasiri kuniomba ruhusa. Ameitwa kazini ng'ambo, kwenye shimo la zamani la madini, chini ya mlima.

"Ukafanye nini nti za watu?"

"Kuna birika huko, Bibi, kubwa kuliko msikiti. Nyota ikipasuka hutoa chembe ziitwazo nyutrino. Hupita ukutani, hupita mlimani, hupita mwilini mwako hapo ulipokaa. Chache zikigonga maji, hutoa cheche ya mwanga. Sisi tunaingoja cheche hiyo."

"Na juu ya ardhi haingojeki?"

"Juu kuna vurugu nyingi za angani. Mlima huzizuia, nyutrino zikapita."

"Mtu hai hashuki ardhini. Huendi."

Alienda kuosha vyombo. Jibu lake lilitakiwa Ijumaa.

Siku zile kila nikienda kutawadha nilikawia. Choo kile kina kiza na baridi hata adhuhuri. Nilitia mkono majini nikaiwaza nyota iliyokufa kabla ya babu wa babu yangu, na vumbi lake likipita vidoleni mwangu muda huo, bila hodi. Samaki walinigusagusa. Mara moja sikusikia hata adhana, na mimi si mtu wa kukosa adhana.

Alhamisi nilimwita, nikampa samaki wawili katika chupa ya jemu.

"Kawatie kwenye hilo birika lao."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Bibi, maji yale yamechujwa, hata chumvi hayana. Samaki mmoja akiingia, kazi ya watu wote imeharibika."

"Basi nani huyachunga?"

"Mimi. Kwa zamu na wenzangu."

"Na nyota itapasuka lini?"

"Hakuna ajuaye. Labda leo. Labda nikizeeka kama wewe."

"Kuzeeka kama mimi si kazi ndogo."

Nikawarudisha samaki majini. Walizama wakajificha kwenye bakuli la kaure lililojengewa sakafuni mwa birika.

"Waandikie unakwenda," nikamwambia. "Na usilale kwenye zamu."